Pampu imekufa, wewe unaanza na Mkuu wa Wilaya

Juzi saa 12 jioni, ukurasa wa tatu ukiwa wazi na dedilaini inanipumulia shingoni, nimeletewa stori inayoanza hivi: "Mkuu wa Wilaya amewataka wananchi kutunza miundombinu ya maji ili iwanufaishe wao na vizazi vijavyo." Aya ya pili mnaijua hata bila kuisoma: "Amesema hayo leo wakati akizungumza na wananchi..." Nikashuka nayo. Aya ya tisa, katikati ya shukrani za diwani, kuna mama anadai pampu ya kisima imekufa tangu Machi na watoto wanachota maji mtoni kabla ya kwenda shule.

Nikamwita kijana aliyeiandika. "Habari yako iko wapi hapa?"

"Si hiyo ya juu, bosi. Chuoni tuliambiwa tuanze na kilicho muhimu zaidi, na pale mgeni rasmi ndiye alikuwa mkubwa."

Nimeshachoka kulieleza hili kwa mdomo. Naliandika hapa, wa kesho nimtumie linki tu.

Piramidi iliyogeuzwa, yaani huo mtindo wa kuanza habari na kilicho muhimu zaidi, inapanga mambo, haipangi vyeo. Usiku wa Aprili 14, 1865, Lawrence Gobright wa Associated Press, shirika la habari la Marekani, alituma kwa telegrafu sentensi moja fupi: Rais kapigwa risasi kwenye ukumbi wa maigizo, huenda asipone. Ndiyo, Rais Lincoln katangulia kwenye sentensi. Katangulia kwa sababu ya risasi. Angekuwa amekwenda pale kuwataka watazamaji wadumishe amani, Gobright angelala mapema.

Ukichimba zaidi, ugonjwa uko kwenye kitenzi. "Amewataka" haina tukio ndani yake. Kutaka kila mtu anataka. Toa cheo, weka jirani yako: "Mzee wa nyumba ya pili amewataka wananchi kutunza miundombinu." Ungeichapa? "Ameagiza" angalau ina nyama, mradi useme kaagizwa nani, afanye nini, mwisho lini. Bila hayo matatu, nayo ni "amewataka" iliyovaa suti.

Halafu kuna "amebainisha", hii ndiyo inanipandisha presha. Waandishi wanaitumia kama pambo wakichoka kurudia "amesema". Lakini anayebainisha anaweka wazi jambo ambalo ni kweli. Ukiandika kiongozi kabainisha kuwa maji yanawafikia wote, umeshamgongea muhuri. "Amedai" ni kinyume chake: umeshamtilia shaka msemaji. Sasa rudi kwenye stori ya juzi. Mkuu wa Wilaya "alibainisha", mama "alidai". Alidai nini? Kwamba pampu imekufa! Na mwandishi wetu kasimama hatua mbili kutoka kwenye hiyo pampu, kalamu mkononi. Si angeushika mkono wa pampu apampu mara mbili tatu, aone kama linatoka tone? Jambo la kudai unalithibitisha papo hapo, kisha unaliandika kama jambo. Kwa mengine yote "amesema" inatosha. Irudie mara kumi, hakuna msomaji aliyewahi kuugua.

Mengine haraka. Gazeti linasomwa kesho, kwa hiyo "leo" yako ni "jana". Aliyekamatwa ni mtuhumiwa, aliyesomewa mashtaka ni mshtakiwa, na hakuna kati yao aliye mwizi hadi mahakama iseme. Maswali sita (nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi) yajibiwe, ila si lazima yasongamane yote aya ya kwanza kama abiria wa daladala ya Mbagala.

Nikiri, kuna mahali mimi mwenyewe nayumba. Waziri akitangaza kupiga marufuku kitu, kauli yake ndiyo tukio, na hapo kuanza naye ni sawa. Redioni pia huwa naanza na msemaji, maana msikilizaji hawezi kurudi nyuma kutazama nani kasema. Katikati ya hizo mbili kuna stori nyingi ambazo mpaka leo nazikata kwa hisia. Na tusidanganyane: kijana alikwenda kule kwa gari la ofisi ya mgeni rasmi, akarudi na posho ya wenyeji. Mtu uliyekula naye wali mchana ni vigumu kumshusha aya ya nne jioni. Nami nimeandika "amewataka" miaka mingi kabla ya kukaa kiti hiki.

Tuliigeuza. Ikaanza na watoto na mto, pampu ikafuata, na kijana akampigia mhandisi wa maji kumuuliza spea inakuja lini. Asubuhi yake saa 2 ofisa habari akanipigia, mbona jina la bosi wake limeshuka mpaka aya ya nne? Nikamwomba apande juu kidogo asome kuhusu pampu.

Akasema hiyo ameiona.