Uhalisia, uliberali na Umaksi: nadharia za uhusiano wa kimataifa zikitazamwa kutoka Tanga

Nadharia ya uhusiano wa kimataifa ni maelezo ya kwa nini nchi hupigana, hupatana, hufanya biashara au hununiana. Kila nadharia hukuchagulia pa kutazama: moja itakuonyesha majeshi, nyingine mikataba, nyingine mwenye mtaji na kibarua wake. Vijana wanaojiandaa na mitihani huzikariri kama orodha ya waasisi na sifa, na wakishatoka chumba cha mtihani zinawatoka nazo. Afadhali kuzipima kwa jambo lililotokea mahali unapopajua, na Tanga ina mambo mengi ya namna hiyo kuliko miji mingi ya ukubwa wake.

Novemba 2, 1914, manowari ya Uingereza HMS Fox ilifika Tanga. Nahodha wake alishuka pwani akamwambia mkuu wa wilaya wa Kijerumani kwamba mapatano ya kutopigana yamekufa na mji usalimu amri. Mapatano hayo yalikuwapo kweli: mnamo Agosti maofisa wa majini wa Uingereza walikuwa wamekubaliana na Wajerumani kwamba Tanga na Dar es Salaam zisiguswe, ila wakubwa wao London hawakuyaridhia. Juu ya hayo kulikuwa na mkataba wa Berlin wa 1885, uliotoa nafasi ya kuliacha eneo hili nje ya vita iwapo mataifa ya kikoloni yangegombana kwao Ulaya, na Gavana wa Kijerumani Heinrich Schnee aliuwekea matumaini. Haukumsaidia. Askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakashushwa pwani, na baada ya siku chache kikosi cha kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, cha watu kama 1,000, kikawa kimewarudisha melini. (Watu wengi hukumbuka zaidi nyuki waliowavamia wapiganaji. Hakuna nadharia yenye nafasi ya nyuki.)

Mfuasi wa uhalisia hashangazwi na kisa hiki. Hoja yake ya msingi ni kwamba juu ya dola hakuna mamlaka nyingine. Fikiria mtaa usio na mwenyekiti, mjumbe wala polisi: hata majirani wema watanunua makufuli, na mmoja akinunua panga wa pili ataingiwa na hofu naye atalitafuta lake, ingawa hakuna aliyetaka ugomvi. Hali hiyo ya kila mmoja kujilinda na kwa kujilinda kumtisha mwenzake, wahalisia huiona kuwa ndiyo kawaida ya dunia. Mzizi wa wazo hili ni wa kale. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki, aliandika jinsi Waathene walivyowaambia watu wa kisiwa cha Melos kwamba mwenye nguvu hufanya awezalo na mnyonge huvumilia yampasayo. Katika karne ya 20 Hans Morgenthau alilijenga upya mwaka 1948 akiliegemeza kwenye tamaa ya binadamu ya kutawala. Mwaka 1979 Kenneth Waltz alisema tamaa haihitajiki kabisa: kutokuwapo kwa mwamuzi peke yake kunatosha. Mkataba, kwa maoni yao, una nguvu kwa kadiri wenye mizinga wanavyoona una faida.

Mfano wa karibu zaidi ni Kagera. Mwalimu Nyerere ndiye aliyewasilisha Cairo, mwaka 1964, azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la kuheshimu mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka. Tanzania haikuishia kuyatoa: iliendelea mpaka Kampala, iliyoanguka Aprili 11, 1979, na mwaka huohuo ikalaumiwa na baadhi ya viongozi wa Afrika kwenye kikao cha Monrovia. Kwa mhalisia hakuna la kutetea wala kulaani hapo. Usalama ukiguswa, azimio hukaa pembeni.

Sasa nenda Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga, linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda. Lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Mafuta yale ni mazito yenye nta, hivyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima, karibu nyuzi 50, yasije yakagandia ndani. Uganda haina bahari. Maana yake ni kwamba nchi iliyopigwa na Tanzania mwaka 1979 imekubali mali yake kubwa ipite katika ardhi ya Tanzania kwa miongo ijayo, kwenye bomba ambalo huwezi kulikunja ukalihamishia kwingine mkikosana.

Hapa uhalisia hupata kigugumizi na uliberali huanza kusikika. Uliberali huu usichanganywe na ule wa siasa za ndani za vyama. Katika uhusiano wa kimataifa unasema kwamba biashara, taasisi za pamoja na serikali zinazowajibika kwa raia hupunguza hamu ya vita. Immanuel Kant alilisema hilo mwaka 1795, Rais Woodrow Wilson wa Marekani akalifanya siasa mwaka 1918, na mwaka 1977 Robert Keohane na Joseph Nye wakaonyesha jinsi nchi zinavyofungwa na kutegemeana kwa namna nyingi ambazo jeshi halizitatui. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mwaka uliofuata Uganda na Tanzania zikawa vitani. Sisemi la kwanza lilizaa la pili, lakini mliberali atakuomba uyatazame pamoja. Mkataba wa jumuiya mpya ulitiwa saini mwaka 1999.

Mhalisia naye hanyamazi. Atakukumbusha kwamba Kenya ililitaka bomba hilohilo lipite kwake, na kwamba usalama wa njia ya kuelekea Lamu ulikuwa mmoja wa mashaka yaliyotajwa kabla Uganda haijaichagua Tanga mwaka 2016.

Wakati hao wawili wanabishana kuhusu Uganda, Kenya na Tanzania, mfuasi wa Umaksi anauliza bomba ni la nani. Jibu liko wazi kwenye hisa: TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, CNOOC ya China asilimia 8. Kwake, kusema "nchi zimekubaliana" kunamficha mhusika mkuu, yaani mtaji unaotafuta faida na matabaka yanayofaidi au kuumia.

Na kwa nadharia hii Tanga ni darasa tosha. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikapona 62 tu, na kutoka hiyo yakaja mashamba ya Muheza, Korogwe na kwingineko. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, na ilipofika Moshi kazi yake ilikuwa kushusha mazao bandarini. Manamba, yaani vibarua wa mashambani, waliletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi, wakate majani na kuyapeleka korona, kwenye mitambo ya kutoa singa, kwa ujira mdogo. Singa zikaenda kusokotwa kamba Ulaya. Lenin aliandika mwaka 1916 kwamba vita ile iliyofika hadi Tanga ilikuwa ya mabepari kugawana dunia. Baadaye akina Immanuel Wallerstein, na Walter Rodney aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza kwamba utajiri wa kitovu, yaani nchi tajiri, na umaskini wa pembezoni, yaani nchi zinazozitegemea, ni mambo yaliyozaana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Azimio la Arusha lilipotoka 1967, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Bei, hata hivyo, haikutaifishika: iliendelea kupangwa ng'ambo, na kamba za plastiki zikaiporomosha. Naona hakuna nadharia inayoueleza mkonge vizuri kama Umaksi, hasa tawi lake la utegemezi, lile la kitovu na pembezoni. Lakini ilete Kagera, nayo inapwaya. Nchi mbili maskini za pembezoni zilipigana, na kumtafuta bepari nyuma ya uamuzi wa Amin ni kujichosha.

Wahadhiri wengi siku hizi huongeza nadharia ya nne, inayosema kwamba maslahi na uadui hujengwa na watu kwa mazoea na maneno yao. Alexander Wendt aliitangaza sana mwaka 1992. Ukifika Horohoro, mpakani na Kenya, unaielewa upesi: Wadigo wako pande zote mbili za mstari waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba, na leo mjukuu mmoja anajiita Mkenya na binamu yake Mtanzania, kila mmoja na timu yake ya taifa. Inaeleza vizuri namna walivyofika hapo. Ukiiuliza Kenya na Tanzania zitagombania nini mwaka kesho, inakuwa nzito kujibu.