Doa linaloumbua dawa bandia: maswali kuhusu kipimo cha kibamba

Je, kwa macho tu siwezi kuitambua dawa bandia?

Mara nyingi huwezi, hata mfamasia mzoefu huweza kudanganyika. Kuna kisa cha Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ambacho natamani kila muuza dawa akijue. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, watu zaidi ya 1,000, wakiwemo watoto wadogo wengi, walifikishwa vituo vya afya wakiwa wamekakamaa shingo na uso, wengine ndimi zimetoka nje. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, na ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Maandishi yalisema hivi, kidonge kilikuwa kingine.

Si kisa cha peke yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa 1 ya tiba kati ya 10 ni duni au bandia.

Sasa hicho kipimo cha kibamba kinafanyaje kazi?

Kwa jina la kitaalamu ni kromatografia ya tabaka jembamba. Aliyewahi kusomea kwa koroboi anaielewa nusu yake tayari: mafuta hupanda utambi yenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Hapa utambi ni kibamba cha alumini kilichopakwa tabaka jembamba la unga mweupe wa silika. Kidonge husagwa na kuyeyushwa, kisha tone dogo huwekwa karibu na ukingo wa chini. Kibamba husimamishwa ndani ya chupa yenye kiyeyushi kidogo kisichofikia lile tone. Kiyeyushi kinapopanda huibeba dawa, lakini kila kemikali ina tabia yake. Inayong'ang'ania silika hubaki chini. Inayopatana zaidi na kiyeyushi husafiri nacho mbali. Kiyeyushi kikipanda sentimita 8 na doa likasimama kwenye sentimita 4, tunaandika 0.5. Katika mazingira yaleyale, kemikali ileile hurudia namba ileile.

Pembeni huwekwa matone mawili ya dawa halisi ya kulinganishia, moja lenye asilimia 100 ya kiasi cha dawa kinachotakiwa na jingine asilimia 80. Chini ya taa ya urujuanimno (UV) kibamba hung'aa kijani, na dawa huonekana kama doa jeusi. Doa likilingana kimo na yale ya kulinganishia, na weusi wake usipungue kuliko lile la asilimia 80, dawa imepita. Likififia sana, kiambato ni pungufu. Likisimama kimo kingine, humo mna kitu kingine. Lisipoonekana kabisa, huenda mgonjwa amenunua unga tu.

Mbona inasikika kama teknolojia ya zamani?

Ni ya zamani kweli. Izmailov na Shraiber waliielezea mwaka 1938 huko Kharkiv, Ukraine, wakipima dawa zitokanazo na mimea. Mjerumani Egon Stahl ndiye aliyeisanifu katika miaka ya 1950 ili maabara zote zifanye kwa namna moja.

Ila haikubaki palepale. Siku hizi zipo bamba za silika laini zaidi, na mashine hupulizia sampuli kwa mistari myembamba badala ya mkono kudondosha matone, hivyo madoa hutengana vizuri zaidi. Kamera hupima weusi wa doa badala ya jicho lililochoka, na zipo programu za simu zinazojaribu kazi hiyohiyo. Doa lenye shaka linaweza hata kutolewa kwenye bamba na kupelekwa moja kwa moja kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, ili kemikali yake itambuliwe.

Hata hivyo, binafsi naona hatua iliyogusa watu wetu zaidi ni ya kuipeleka maabara mahali dawa zilipo. Minilab, iliyobuniwa Ujerumani, ni vifaa hivi vyote ndani ya masanduku ya kubeba, na hupima viambato zaidi ya 100. Mamlaka ya dawa Tanzania imekuwa ikiitumia mipakani na mikoani tangu miaka ya 2000.

Na dawa za asili?

Hapa kipimo hiki kina faida ya pekee, kwa sababu hutandaza mchanganyiko mzima wa mmea mbele ya macho. Unga unaouzwa kama mizizi ya kuongeza nguvu za kiume unaweza kuonyesha doa la sildenafili, dawa ya kiwandani ya nguvu za kiume, na "dawa ya viungo" ikaonyesha deksamethasoni, dawa kali ya kiwandani ya kupunguza uvimbe. Tafadhali lichukulie jambo hili kwa uzito: mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati akimeza sildenafili bila kujua, shinikizo lake la damu linaweza kushuka hadi kumuua.

Dawa ikipita, ni salama kabisa?

Hapana. Jicho halioni upungufu mdogo, na kibamba hakisemi kama sindano ina vijidudu. Ndiyo maana matokeo yenye shaka hupelekwa maabara kuu kuthibitishwa kwa mashine kubwa.

Nikiishuku dawa yangu nifanye nini?

Usiache dozi kimyakimya, hasa ya kifua kikuu au ya VVU. Rudi kwa mfamasia au daktari mapema, siku hiyohiyo ukiweza, na mwombe taarifa ifike TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ukiwa Tanzania, au Bodi ya Famasia na Sumu ukiwa Kenya. Nenda na vidonge vilivyobaki pamoja na boksi lake. Namba ya toleo iliyochapwa pale ndiyo itakayowawezesha wakaguzi kuyatafuta maboksi mengine ya toleo hilo kabla hayajanunuliwa.