Mwadilifu sio jina la heshima la mtu asiye na kitu

Juzi kwenye msiba huku Chamwino tumemzika mzee aliyekuwa karani wa mizani kwenye ghala la mazao, na kila aliyesimama kumsemea alirudia sentensi ileile, "mzee alikuwa mwadilifu sana, ndio maana hakuacha kitu." Hiyo "ndio maana" ndio inayoniuma, nimeisikia mara nyingi mno.

Uadilifu ni kutenda haki, kumpa mtu stahili yake hata pale ambapo kumpunja kungekuingizia hela na hakuna anayekuona. Basi. Kuwa nazo au kutokuwa nazo hakumo humo.

Neno lenyewe asili yake Kiarabu, adl, yaani haki, na kwenye mzizi huohuo kuna idl, ambayo ni upande mmoja wa mzigo wa mnyama, ule unaolingana uzito na wa upande wa pili. Huku kwetu wala hatuhitaji ngamia kulielewa. Mwangalie punda anavyotoka kisimani na madumu, mawili kulia mawili kushoto, ukijaza ya kulia ukaacha ya kushoto nusu hafiki mbali, mzigo unaanza kuteleza, kamba inamkata tumboni, mara maji yote chini. Sasa yule anayesawazisha madumu sio kwamba hayataki maji, anayataka sana, ila anajua huu upande na ule vinategemeana.

Kinyume chake mnakijua, ni lumbesa. Mkulima kavuna, mnunuzi anakuja na gunia lake, linajazwa, linashindiliwa kwa goti, halafu linashonewa kipande kingine juu mpaka linaota kichwa, debe sita zinakuwa saba au zaidi na bei ni ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanapiga kelele kila msimu kwamba mwisho ni kilo 100 na vitu vipimwe kwa mizani. Ila tukisema mmomonyoko wa maadili tunaongelea nguo za mabinti tu, lile gunia lenye kichwa hatulioni, wakati maadili na uadilifu yametoka kwenye mzizi uleule.

Wengine wanachanganya na uaminifu. Mwaminifu ni mtu unayemwachia amana ukaikuta. Dereva anayepeleka hela ya rushwa kwa bosi wake bila kudokoa hata mia ni mwaminifu kabisa, ila uadilifu hapo hakuna, kwa sababu yule aliyekamuliwa hiyo hela hakuna aliyemfikiria.

Nadhani kuchanganya uadilifu na ufukara kumetokana kidogo na Azimio la Arusha, 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, masharti yaliyokuja kulegezwa na Azimio la Zanzibar, 1991. Lile lilikuwa sharti la uongozi kwa wakati ule. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 haimwambii kiongozi asiwe na mali, inamtaka atamke alizonazo na madeni yake.

Ni kweli ukishika haki kuna hela utazikosa, na yule mzee alizikosa nyingi, watu walikuwa wanamfuata na bahasha kabisa. Lakini mimi nilimwona siku tumempelekea alizeti za mama, mizani ikiwa tupu alimwita mama aje karibu, akasubiri mshale utulie kwenye sifuri, akamuuliza "umeona mama?", mama akasema nimeona, ndio gunia la kwanza likapanda. Alifanya hivyohivyo na tajiri aliyekuwa nyuma yetu na lori zima.

Kwahiyo ndugu zangu, arobaini yake ikifika tumseme vizuri, alikuwa mwadilifu kwa sababu ya ule mshale. Kwamba hakuacha kitu ni habari nyingine, na kijana mwenye maduka matatu ambaye mizani yake haichezewi naye tumwite hivyohivyo.