Mpelelezi wa ridhaa ni nani?

Neno ridhaa tumelizoea kwenye ngumi: bondia wa ridhaa hapigani kwa ajili ya mkate, wa kulipwa anaishi kwa ngumi zake. Kwenye hadithi za upelelezi ni vivyo hivyo. Mpelelezi wa ridhaa hana cheo cha polisi, hana mshahara wa kazi hiyo wala hamtozi mtu ada. Anafuatilia kifo kwa sababu kimemkera au kimemvutia, basi. Wengi humtia Sherlock Holmes humu, lakini yeye ana wateja, na wateja wanalipa. Wa ridhaa hasa kwetu ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni.

Waingereza walimpenda zaidi mpelelezi huyu akiwa mwinyi. Dorothy L. Sayers alimleta Lord Peter Wimsey mwaka 1923 katika riwaya ya Whose Body?. Msanifu majengo mmoja mpole, Thipps, anaingia bafuni kwake Battersea, London, na kukuta maiti ya mwanamume asiyemjua ndani ya beseni la kuogea. Maiti iko uchi kabisa, isipokuwa miwani ya dhahabu, ile ya kubana puani.

Wimsey anapataje habari? Mama yake anampigia simu. Wimsey alikuwa njiani kwenda mnadani kununua vitabu vya kale. Anamtuma mtumishi wake, Bunter, akamnunulie, naye anakwenda kutazama maiti. Hapo unaona umwinyi una kazi gani katika riwaya. Wimsey ni mdogo wake Duke wa Denver, yaani mwinyi wa cheo cha juu: fedha anazo, ila mzigo wa cheo uko kwa kaka. Asubuhi yake yote ni yake, na hakuna mlango wa matajiri unaofungwa usoni pake. Kwa miwani yake ya jicho moja na porojo zisizokwisha, watu humwona bwege, wakaropoka mbele yake.

Asichokuwa nacho ni mamlaka. Hawezi kumkamata mtu wala kupekua nyumba, na Inspekta Sugg hataki hata kumwona. Ndiyo maana hadithi za aina hii karibu zote humpa mpelelezi rafiki polisi. Wa Wimsey ni Charles Parker wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London.

Kinachonifanya nimpende Sayers kuliko wenzake ni kwamba hakuuachia ubwana huo upite bure. Wimsey amerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na majeraha ya akili. Usiku anapomtambua muuaji, anadhani yuko tena kwenye mahandaki, na Bunter, aliyekuwa sajini wake vitani, ndiye anayemrudisha kitandani. Tena anakiri kwa Parker kwamba mwanzoni kesi kwake ni mchezo, halafu ghafla anaona kuna mtu ataumia, anatamani kujitoa. Polisi anaweza kusema ni kazi yake. Wa ridhaa atasema nini, wakati Uingereza ya siku hizo inanyonga wauaji?

Katika Busman's Honeymoon ya mwaka 1937, Wimsey ameshaoa. Alfajiri ya kunyongwa kwa muuaji ambaye Wimsey ndiye aliyemfichua, hakulala. Saa inapogonga mbili asubuhi, analia mikononi mwa mkewe.