Vinyago vya shetani vya Kimakonde: gogo nalo lina kauli

Ukikitazama kinyago cha shetani, jicho moja, sikio lililoshuka hadi gotini, mdomo uliopasuka hadi tumboni, utadhani yote yametoka kwenye mawazo ya mchongaji. Ninavyoona mimi, nusu ya umbo lile limeamuliwa na gogo.

Mtindo huu si wa kale kama wengi wanavyoamini. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Mueda, Msumbiji, kuja kukata mkonge Tanganyika walikuwa na mapiko, yaani vinyago vya kuvaa kichwani, lakini hayo ni ya mti mwepesi, huvaliwa katika ngoma za jando. Shetani wa mpingo alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba kinyago chake cha mtu kilivunjika mkono, akakigeuza kiumbe kingine, na mfanyabiashara Mohamed Peera akakipenda. Mashetani wenyewe walikuwamo katika imani na masimulizi tangu zamani. Baadaye George Lilanga (1934–2005) aliwahamishia kwenye picha za rangi kali, wakicheka na kucheza.

Mpingo hukua polepole, mara nyingi umepinda na una mashimo ndani. Ukitaka mtu aliyesimama wima, utatupa sehemu kubwa ya gogo. Shetani hakatai kitu: tundu huwa mdomo, fundo la tawi huwa titi au pembe, palipopinda huwa mgongo.

Tezo hutangulia, kutoa gome na mti mweupe wa nje. Wengine huacha weupe kidogo makusudi. Kisha patasi hutoboa matundu. Miguu iache mwisho, na mguu mwembamba ufuate nyuzi za mti. Ukizikatiza, pigo moja la nyundo hulivunja umbo zima. Halafu hufuata tupa ya kulainishia, msasa namba 80, 120 na 240, mwisho nta.

Adui mkubwa ni ufa. Ncha za gogo hukauka na kusinyaa kabla ya kiini, ndipo mti unapopasuka. Zipake nta, weka gogo kivulini, na kazi ambayo haijaisha ifunike kwa gunia lenye unyevu. Kinyago cha mti mbichi kikipelekwa Ulaya, kwenye nyumba yenye hita, hupasuka hata kama kilitoka hapa kizima.

Ukinunua Mwenge, soko la vinyago Dar es Salaam, pima uzito kwa mkono: mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kilicho chepesi huenda ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Kwaruza chini ya kitako uone.