Jodari wa Pezi Buluu: Ushauri Uliosikika na Kupuuzwa

Mwaka 2006, kamati ya wanasayansi ya Tume ya Kimataifa ya Uhifadhi wa Jodari wa Atlantiki, ijulikanayo kwa kifupi kama ICCAT, ilizishauri nchi wanachama zisivue zaidi ya tani 15,000 za jodari wa pezi buluu kwa mwaka katika Atlantiki ya mashariki na Bahari ya Mediterania. Nchi hizo zilikutana, zikajadiliana, na kupitisha tani 29,500 kwa mwaka 2007. Msimu ulipokwisha, wanasayansi walikadiria kwamba samaki waliotolewa baharini walifikia takriban tani 61,000. Kushindwa kote kwa ulinzi wa samaki huyu kumo katika tarakimu hizo tatu. Pengo la kwanza lilitokana na serikali zilizousikia ushauri na kuupuuza, na la pili lilitokana na meli zilizovuka hata kile kiwango kikubwa ambacho serikali hizo hizo zilikuwa zimekubaliana. Upungufu wa elimu haukuchangia pengo lolote kati ya hayo mawili.

Jodari wa pezi buluu wako wa spishi tatu: wa Atlantiki, wa Pasifiki na wa kusini. Wa Atlantiki ndiye mkubwa kuliko wenzake; anaweza kuzidi urefu wa mita 3, na aliyeweka rekodi ya dunia, aliyevuliwa Nova Scotia nchini Kanada mwaka 1979, alikuwa na uzito wa kilo 679. Mishipa yake ya damu imepangika kwa namna inayohifadhi joto linalozalishwa na misuli, hivyo mwili wake hubaki na joto hata anapozama kwenye maji ya baridi, jambo linalomwezesha kuvuka bahari nzima akitafuta malisho. Huweza kuishi miaka 30 na zaidi, na jike mkubwa hutaga mamilioni ya mayai katika msimu mmoja. Wengi hudhani kwamba samaki mwenye mayai mengi kiasi hicho hawezi kumalizika, lakini karibu samaki wote wachanga huliwa au hufa kabla ya kukua, na kizazi kizima hutegemea wazazi wakubwa walionusurika kwa miaka mingi. Isitoshe, maeneo ya kutagia ni machache mno. Jodari wa kusini wana eneo moja tu linalofahamika, lililo kusini mwa kisiwa cha Java. Wale wa Atlantiki ya mashariki huingia Mediterania kila mwaka kuanzia Mei hadi Julai, wakajikusanya kwa makundi karibu na uso wa maji, kandokando ya visiwa vya Balearic, Sicily, pwani ya Libya na Cyprus. Samaki anayerudi mahali pale pale, majira yale yale, akiwa katika kundi, ni rahisi kuvuliwa hata anapokuwa amebaki mchache. Wingi wa mavuno ya meli moja hausemi lolote la kuaminika kuhusu wingi wa samaki waliobaki.

Kwa karne nyingi wakazi wa pwani za Mediterania walimvua kwa mitego ya nyavu iliyofungwa karibu na ufuko, na kiasi walichopata kilitegemea samaki wenyewe kupita hapo. Upande wa pili wa Atlantiki, hadi miaka ya 1960, jodari huyu alikuwa na thamani ndogo sana, na nyama yake iliishia kwenye chakula cha paka. Mabadiliko yalikuja mwaka 1972, jodari waliovuliwa Kanada waliposafirishwa kwa ndege hadi mnada wa Tsukiji jijini Tokyo. Ndege zilizopeleka bidhaa za viwandani Amerika Kaskazini zilikuwa zikirudi na nafasi tupu, na samaki aliyepoozwa kwa barafu alikuwa shehena ya kufaa. Tangu hapo bei haikutegemea tena soko la karibu. Inapotajwa bei ya samaki mmoja wa kilo 278 aliyeuzwa Tokyo Januari 2019 kwa yeni milioni 333.6, msomaji aelewe kwamba mnada wa kwanza wa mwaka huwa na bei ya kujitangaza kibiashara. Hata hivyo, bei za siku za kawaida nazo zilitosha kabisa kulipia meli mpya, na baadhi ya meli hizo zilijengwa kwa ruzuku za umma kutoka kwa serikali zile zile zilizokuwa zikiahidi kupunguza uvuvi.

Taasisi ya kuzuia hali hiyo ilikuwepo tangu mapema. Mkataba wa kuanzisha ICCAT ulitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1966 na kuanza kutumika mwaka 1969, na makao yake yako Madrid. Kifungu cha 64 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 kinazitaka nchi zishirikiane kuhifadhi samaki wanaohamahama mbali, jodari akiwa miongoni mwao. Udhaifu ulikuwa katika namna ya kuamua. Wanaopanga mgawo ni wajumbe wa nchi zinazovua na zinazonunua. Maamuzi hutafutwa kwa maafikiano, hivyo nchi chache zenye maslahi makubwa huweza kuvuta kiwango juu. Na nchi isiyoridhika ina haki ya kuwasilisha pingamizi ikabaki nje ya uamuzi. Kuwaachia washindani wa windo moja waamue peke yao kiasi cha kuwinda ni kumkabidhi fisi bucha, hata kama kila mjumbe mmoja mmoja ana nia njema. Mwaka 2008 jopo huru lililoalikwa na ICCAT yenyewe kupima utendaji wake lilieleza kwamba usimamizi wa jodari wa Atlantiki ya mashariki unatazamwa na wengi kuwa ni fedheha ya kimataifa, likashauri uvuvi wake usimamishwe hadi nchi zitakapotii sheria walizojiwekea. Miezi michache baadaye, nchi hizo zilipitisha tani 22,000 kwa mwaka 2009, ilhali wanasayansi walishauri kati ya tani 8,500 na 15,000.

Pengo la pili, lile la usimamizi, linaeleweka vizuri zaidi kwa kutazama kazi yenyewe baharini. Tangu miaka ya 1990 sehemu kubwa ya jodari wa Mediterania huvuliwa kwa nyavu za kuzungushia na kupelekwa hai kwenye vizimba vya kunenepeshea. Meli ikishalizunguka kundi na kulifunga wavu kwa chini, boti nyingine huleta kizimba cha kukokotwa. Wavu na kizimba hushonwa pamoja, lango hufunguliwa, na samaki huogelea kutoka upande mmoja kwenda mwingine huku mzamiaji akiwapiga picha za video. Baada ya hapo kizimba huvutwa polepole mno, ili samaki wasichoke na kufa, kwa siku nyingi au hata wiki, mpaka shambani, ambako hulishwa dagaa na samaki wengine wadogo kwa miezi kadhaa kabla ya kuchinjwa. Katika safari hiyo yote hakuna samaki anayepandishwa kwenye mizani. Idadi hutokana na kuhesabu vivuli vinavyopita kwenye video, na uzito hutokana na makadirio ya ukubwa wao. Kisha samaki huongezeka uzito shambani, na hivyo tani zinazouzwa hazilingani na tani zilizovuliwa. Kundi moja likichanganywa na jingine, au kizimba cha nchi moja kikiuzwa kwa shamba la nchi nyingine, asiye mwaminifu hupata nafasi ya kuficha mamia ya samaki bila kuonekana.

Mwezi Machi 2010 ilijaribiwa njia nyingine. Monaco ilipendekeza mbele ya mkutano wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Doha nchini Qatar, kwamba jodari wa Atlantiki aingizwe katika orodha inayopiga marufuku biashara hiyo kabisa. Japani, iliyokuwa ikinunua takriban asilimia 80 ya jodari hao, iliongoza upinzani. Pendekezo lilipata kura 20 za kuliunga mkono na 68 za kulipinga, na nchi 30 hazikuchagua upande. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba suala hilo ni la ICCAT. Kwa maoni yangu pendekezo lile halikupotea bure: kwa mara ya kwanza wafanyabiashara waliona kwamba soko lote linaweza kufungwa, na nchi zilizopiga kura ya kupinga zilijifunga kuonyesha kwamba ICCAT inaweza kufanya kazi yake.

Bahari nyingine zilikuwa na kasoro zinazofanana. Mwaka 2006 Japani ilipunguziwa mgawo wa jodari wa kusini kutoka tani 6,065 hadi 3,000 kwa mwaka, baada ya kubainika kwamba uvuvi wake ulikuwa umezidi kiwango kwa miaka mingi bila kuripotiwa. Katika Pasifiki, tathmini za miaka ya 2010 zilionyesha kwamba samaki waliokomaa walikuwa wamebaki chini ya asilimia 4 ya wingi unaokadiriwa kuwepo kama uvuvi usingekuwepo, na wengi wa waliovuliwa walikuwa wachanga wasiowahi kutaga hata mara moja.

Kilichofuata ndicho ushahidi mzito kuliko wote. Kwa mwaka 2010 ICCAT ilishusha kiwango cha Atlantiki ya mashariki hadi tani 13,500, ndani ya ushauri wa wanasayansi. Msimu wa meli za nyavu za kuzungushia ulifupishwa hadi takriban mwezi mmoja, wakaguzi wakapandishwa kwenye kila meli ya aina hiyo, samaki wengi wa chini ya kilo 30 wakakatazwa kuvuliwa, na hati ya kufuatilia kila shehena kutoka wavu hadi soko ikawa ya kielektroniki. Samaki waliongezeka, wakisaidiwa pia na mwaka 2003 uliokuwa na makinda wengi, na kiwango kikapandishwa hatua kwa hatua hadi tani 36,000 mwaka 2020. Mwaka 2021 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, ilimwondoa jodari wa Atlantiki katika kundi la walio hatarini. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubali kanuni ya kukokotoa mgawo kutokana na takwimu, iliyopunguza sana nafasi ya mabishano katika mkutano wao wa kila Novemba. Hakuna mbinu hata moja kati ya hizo iliyokuwa ngeni kwa wataalamu mwaka 2006.

Nafuu hiyo haijawafikia wote. Jodari wanaotaga katika Ghuba ya Meksiko bado ni wachache sana kuliko walivyokuwa miaka ya 1970, na mstari wa longitudo ya nyuzi 45 magharibi, unaowagawa kwenye ramani na wenzao wa mashariki, hauwazuii kuchanganyika nao malishoni, ambako meli haziwezi kuwatofautisha. Mwaka 2018 polisi wa Uhispania, wakishirikiana na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, waliwakamata watu 79 katika mtandao uliokadiriwa kuuza tani 2,500 za jodari haramu kwa mwaka, wakitumia hati zilizokwisha kutumika kwa samaki wengine. Hati haina nguvu kama bandari inayopokea shehena haiulizi idadi ya samaki, kizimba walikotoka na tarehe ya kuchinjwa, na maswali hayo ni ya lazima kwa kila nchi inayonunua jodari huyu, hata ile isiyomiliki meli moja ya kumvua.