Kutoa kodiani kwenye C na kuipeleka D

Wengi wanaotaka kodiani ya vitufe ibadilishwe kii (ngazi ya noti inayopigiwa) huja na hesabu moja kichwani. C na D zimeachana toni moja, na kati ya noti saba, tano zinafanana. "Fundi, si unagusa zile mbili tu?" Bwana mmoja hata jibu hakulingoja. Alichukua kodiani yake ya safu moja, akapandisha F zote nusu toni zikawa F#, C zote zikawa C#, na kusema kweli mkono wake ulikuwa msafi. Baadaye akaja kuniuliza mbona chombo kimekuwa kama shati lililovaliwa nyuma mbele.

Kitufe kimoja cha kodiani hii kina sauti mbili: moja unaposukuma mvukuto, nyingine unapouvuta. Hata ile aliyoisajili Cyrill Demian kule Vienna mwaka 1829 ilibadilisha sauti namna hiyo. Kwenye safu ya C, kusukuma kunakupa C, E na G tu, kuvuta kunakupa D, F, A na B. Wimbo unapumzika kwenye kusukuma. Baada ya kazi ya yule bwana, kusukuma kukawa C#, E na G, sauti tatu zisizotulia popote, na D ikabaki kwenye kuvuta. Noti zote za D zilikuwemo. Vidole vyake vilivyozoea ndivyo havikuzipata.

Basi tuhamishe mabamba? Hilo nililijaribu mwenyewe kwenye karatasi zamani, nikidhani nimegundua njia ya mkato. Bamba ni kipande cha chuma chenye ndimi mbili, yaani tepe zinazotetema na kutoa sauti, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuvuta, kwa hiyo noti huhama wawili wawili. Niliandika jozi za C, ya kusukuma kwanza, ya kuvuta pili: C/D, E/F, G/A, C/B, E/D, G/F na kuendelea. Kando yake nikaandika za D: D/E, F#/G, A/B, D/C#, F#/E, A/G. Nikaona E/D ukiigeuza bamba inakuwa D/E, na G/A inakuwa A/G! Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipoangalia okteva, maana noti ile ile hujirudia chini na juu. D/E ninayoihitaji iko chini, niliyonayo iko okteva nzima juu yake. A/G ni kinyume chake. Hakuna hata bamba moja linalopona.

Kwa hiyo kila ulimi unapanda senti 200. (Ndiyo, kwenye muziki pia noti hukatwa kwa senti, ila hapa nusu toni ndiyo yenye senti 100.) Vitufe 10, mara pande mbili za mvukuto, mara ndimi mbili kwa kila noti, ni ndimi 40, na upande wa besi bado.

Ulimi ni utepe wa feleji uliopigwa ribiti upande mmoja. Ukipunguza chuma nchani unakuwa mwepesi na sauti inapanda. Ukipunguza karibu na ribiti unalegea, sauti inashuka. Mimi huingiza kipande chembamba cha shaba chini ya ncha ili usipinde, kisha nakwaruza kwa urefu wa ulimi, pole pole, napuliza vumbi, napima. Ulimi wa ndani una adabu zake: unainua kile kiwambo cha ngozi, unapitisha kindoano kwenye upenyo, unauvuta ulimi utokeze juu, ndipo unaukwaruza. Zile fupi za sauti za juu ziogope. Mkwaruzo mmoja mzito, umeshapita lengo.

Duru ya kwanza naishia senti kama 10 chini ya lengo na kuiacha kodiani ikae siku kadhaa, maana feleji iliyokwaruzwa leo kesho husoma tofauti. Duru ya mwisho napima ulimi ukiwa ndani ya kodiani, mvukuto umefungwa. Ukiupima juu ya meza unapata namba nzuri inayobadilika ukishafunga sanduku.

Kuna na mtetemo. Ndimi mbili za noti moja huachanishwa kidogo makusudi: mmoja unatetema mara 440 kwa sekunde, mwenzake 444, unasikia mawimbi manne kwa sekunde. Ukizipandisha zote mbili senti 200 kamili, mawimbi yanakuwa karibu manne na nusu. Wengine wanaupenda ukali huo. Mimi huurudisha ulipokuwa, isipokuwa mwenyewe akiniambia niuache.

Kupanda toni moja nakubali. Kushuka toni moja kwa tupa sikubali tena. Nilipokuwa mchanga kazini nilishusha ulimi mmoja mnene kwa kuupiga tupa kwa upana, pale pale shingoni karibu na ribiti. Sauti ilikuja sawasawa. Baada ya wiki chache ulikatika katikati ya wimbo, kwenye mstari ule ule wa tupa. Ulimi mrefu wa kushusha ni afadhali kuuongezea tone la lehemu nchani. Mfupi ukiutia lehemu unachelewa kuitika, huo agiza bamba jipya.

Besi ni rahisi kuliko zinavyotisha. Ndimi zake nene kwa kawaida tayari zina uzito nchani, na kupanda ni kuupunguza uzito huo. Kusukuma kulikuwa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya C, sasa iwe D. Kuvuta kulikuwa G, sasa iwe A. Yule bwana wa kwanza upande huo hakuufungua kabisa. Akisukuma, mkono wa kulia unalia C#, wa kushoto unamjibu C.